Timu ya Watu Nusu-Nusu

Jumanne, 4 Machi

Leo nimenunua wanaume ishirini na watano. Hakuna hata mmoja aliye hai, na nadhani ndiyo sababu tunaelewana.

Nieleze vizuri, maana nikija kusoma haya uzeeni nitadhani nilikuwa naumwa. Mwalimu wa kompyuta amepata mchezo wa zamani unaokubali kwenda kwenye kompyuta zetu za klabu, zile zinazonguruma kama zinapanda mlima. Mchezo wa beisiboli. Hakuna kati yetu aliyewahi kushika gongo la beisiboli. Mwalimu mwenyewe ameona mechi moja tu maishani, tena nusu, kwenye televisheni ya kinyozi. Lakini anasema humo ndimo tutakamojifunza takwimu bila kulia. Kila mtu anaunda timu, anaandika maagizo kwenye karatasi, Mwalimu anayaingiza, kompyuta inacheza yenyewe. Sisi tunakaa tunasoma skrini mstari kwa mstari: kapiga, kakosa, katoka.

Wachezaji tulinunua kwa mnada. Unainua mkono, unasema kwa sauti. Tatizo umeshaliona.

Redio alinyakua mastaa watatu kabla sijamaliza kumeza mate. Redio ni yule wa dawati la mbele, anaongea akivuta pumzi na akiitoa. Mimi wananiita Maktaba. Sina haja ya kueleza. Kila nilipotaka kuinua mkono, mkono ulikuwa na shughuli nyingine — kukuna shingo, kushika kalamu, kuokota kitu kisichoanguka. Mwishowe Mwalimu akanihurumia, akasema mabaki nichukue kwa kuandika.

Mabaki. Wazee, wazito, waliokosa soko. Nikawaandika kwa mwandiko mzuri sana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekaa sebuleni na takwimu za mabaki yangu. Sebule yetu ina friji tano, tatu zimepasuliwa matumbo. Baba ni fundi friji. Shangazi, dada yake, yuko mapokezi kwa daktari wa meno mchana, na jioni yuko mapokezi kwa Baba — yeye ndiye anayepokea simu za wateja. Baba, mteja akimpigia, anaitazama simu kama kaa la moto. Mimi sikuokotwa, nina uhakika.

Sasa. Nimegundua kitu.

Kuna mpigaji mmoja wa miaka thelathini na minane, nimempa jina Babu. Takwimu zake kwa jumla ni aibu. Lakini ukizigawa! Mrushaji akiwa wa mkono wa kulia, Babu anapiga kama mastaa wa Redio. Mrushaji akiwa wa mkono wa kushoto, Babu anapiga kama mimi. Babu anasimama upande wa kushoto, ndiyo sababu. Mpira ukitoka mkono wa upande wa pili, unauona tangu unaachiwa. Ukitoka mkono wa upande wako, ni kama unatokea nyuma ya sikio. Na kuna mwingine, Kibonge, kinyume chake kabisa: wa kulia anamshinda, lakini wa kushoto yeye ndiye anayemla nyama.

Mmoja mmoja hawafai hata kubeba maji. Ukiwaweka nafasi moja, kwa zamu, unapata mtu mmoja wa maana kwa bei ya kutupa.

Nikawapitia wote. Mabaki yangu yamejaa watu nusu! Hakuna aliyewataka kwa sababu hakuna aliyewagawa. Nimepata jozi saba. Jozi saba! Nilisimama, nikakosa wa kumwambia, nikaiambia friji ya mwenye duka la dawa.

Shangazi kapita na simu mkononi, akaniuliza naongea na nani.

"Hakuna."

"Mwambie Hakuna apunguze sauti, niko na mteja."

Ijumaa, 14 Machi

Mechi mbili za kwanza, vipigo viwili. Nilikuwa nimepanga wa kushoto dhidi ya wa kushoto. Niligundua jambo kubwa kuliko wote klabuni, nikalijaza kichwa chini miguu juu kwenye karatasi. Mwalimu kaisoma, kanitazama, kasema tu, "Una hakika?" Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, kwa sababu kusema sina hakika kungehitaji sentensi nzima.

Redio kaiona timu yangu kwenye skrini. "Hii timu au kampuni ya ulinzi? Wa mchana na wa usiku?" Klabu nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Ilikuwa nzuri, ukweli usemwe.

Mechi ya tatu nimegeuza. Tisa kwa moja. Babu kapiga mpira ukatoka nje ya uwanja mara mbili, halafu akaingia mrushaji wa kushoto, Babu akakaa benchi kwa heshima zake, Kibonge akasimama, naye akautoa. Nimetabasamu chini ya meza. Sijui kwa nini chini ya meza.

Jumapili, 16 Machi

Siku mbaya. Nitaiandika yote kama adhabu.

Mama anafanya kazi mji mwingine, jikoni kwenye hospitali kubwa, na hupiga simu kila Jumapili. Leo sauti yake ilikuwa laini mno. Ile sauti ya kumwambia mtu kwamba kuku wake amekufa.

"Mwanangu, Shangazi yako ananiambia una marafiki."

Nikasema sina. Ambayo ni kweli, tena ukweli unaouma.

"Anasema anakusikia. Mmoja leo, mmoja kesho. Kwamba huyu akichoka anaingia yule."

Nikaelewa. Nikatamani kuingia kwenye friji.

"Mmoja anaitwa Babu," Mama akaendelea, polepole. "Huyo Babu ana umri gani?"

Na mimi, mwenye akili zangu zote, niliyesomeshwa kwa lugha mbili ili ninyamaze kwa zote mbili, nikajibu haraka na kwa usahihi: "Thelathini na nane."

 Upande wake wa simu sufuria ilianguka, au aliiangusha yeye.

Ilichukua muda mrefu sana kueleza beisiboli. Sijawahi kuongea na Mama muda mrefu hivyo. Nilimweleza jozi, na mikono, na mpira unaotokea nyuma ya sikio, na mwishoni nikasikia anacheka, halafu akauliza swali la maana kuliko yote niliyoulizwa klabuni: "Sasa mpinzani akibadilisha mrushaji katikati, unafanyaje?"

Nikasema nimeandika agizo. Mkono ukibadilika, wabadilike wote.

"Wote?" kasema Mama.

"Wote."

"Haya," kasema. Kama anavyosema mtu akiona umetia chumvi mara mbili lakini jikoni si kwake.

Ijumaa, 28 Machi

Tumo fainali. Timu ya Zamu, ndiyo yangu, na timu ya Redio. Mechi tatu, atakayeshinda mbili ndiye bingwa.

Ningefurahi zaidi kama Mwalimu asingeendelea kuongea. Kumbe Jumamosi tarehe tano ni siku ya wazazi, na klabu imepewa nafasi jukwaani. Bingwa atasimama mbele ya shule nzima na wazazi, aeleze alivyounda timu yake. Nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kiingereza.

Redio kapiga meza kwa furaha. Mimi nimehesabu siku zilizobaki: nane. Hazitoshi.

Jumapili, 30 Machi

Mama anakuja siku ya wazazi. Ameomba likizo ya siku mbili. Shangazi ndiye aliyemwambia kuhusu fainali, kwa sababu Shangazi kazi yake ni kusambaza.

"Nikute umesimama pale juu," Mama kasema. "Nimewaambia jikoni wote. Hata mpishi mkuu anamjua Babu."

Kwa hiyo sasa kuna jiko zima la hospitali linamshangilia mzee asiyekuwepo.

Baba alikuwa anafunga skrubu. Simu ilipokatika kasema, bila kuinua kichwa, "Mimi harusini kwangu niliombwa niseme maneno mawili. Nilisema 'asante'. Lile la pili bado wanalisubiri."

Jumatatu, 31 Machi

Sitaki kushinda.

Nataka kushinda.

Nimejaribu hotuba bafuni. Nimefika "Hamjambo" — maji yakakatika. Nimeichukulia kama ishara.

Jumanne, 1 Aprili

Fainali ya kwanza. Sita kwa tatu. Tumeshinda!!

Mastaa wa Redio watatu wamepiga wote, lakini wale sita waliobaki ni wasindikizaji. Mimi sina staa, na sina msindikizaji. Redio kanyamaza kama dakika nzima, watu wakageuka kuona kama anaumwa. Halafu kaja kwenye meza yangu, kaegemea, kasema, "Maktaba, unaniua na watu ambao mimi nisingewapa hata lifti." Nikasema, "Mm." Aliondoka anafikiri. Sikupenda alivyokuwa anafikiri.

Jumatano, 2 Aprili

Kumi na nne kwa mbili. Sisi ndio wale wawili.

Redio ameanza na mrushaji wa kulia. Vizuri, nimewapanga wapigaji wangu wote wa kushoto. Mrushaji yule kamaliza mtu mmoja — MMOJA — akatolewa. Kaingia wa kushoto. Na agizo langu, lile agizo langu zuri la wote, likaamka. Kila mpigaji wa kushoto alipofika zamu yake, kompyuta ikamtoa, ikaleta mwenzake. Babu nje, Kibonge ndani. Huyu nje, yule ndani. Raundi ya pili haijaisha, benchi langu limebaki ubao mtupu. Na katika beisiboli mchezaji akitolewa harudi tena.

Halafu Redio akamleta mrushaji mwingine wa kulia. Akamwacha hapo mpaka mwisho.

Wapigaji wangu wote uwanjani sasa ni wale ambao wa kulia anawashinda. Wenzao, wale wanaowala nyama warushaji wa kulia, wamekaa wametolewa, wanatazama. Raundi ya sita mdakaji wangu akaumia kidole. Mdakaji ni yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Hakuna wa kumrithi. Kompyuta ikamchukua Kibonge wa watu ikamchuchumaza. Skrini ikaandika: mpira umempita. Mpira umempita. Mpira umempita. Darasa zima walikuwa wanasoma kwa pamoja, kama kiitikio. Mtu mmoja alilia kwa kucheka, akaomba kwenda nje.

Na cha kuandika kwa wino mwekundu ni hiki: ningeweza kuzuia. Kila kocha ana nafasi moja katika kila mechi ya kuisimamisha. Unainua mkono, unasema agizo jipya kwa sauti, Mwalimu anaandika. Wengine wote huitumia kila mechi, Redio huitumia hata kusalimia. Mimi msimu mzima sijaitumia. Raundi ya pili nilijua kabisa kinachotokea. Sentensi ilikuwa tayari kichwani, fupi: "Mwalimu, acha kubadilisha." Maneno matatu. Nimeyakalia mpaka raundi ya tisa kama kuku aliyekalia mayai mabovu.

Mama aliona. Kutoka jikoni, kwa simu, bila kujua besi, vile vituo vya kukimbilia, ni nini. "Wote?" alisema.

Alhamisi, 3 Aprili

Karatasi ya kesho iko mbele yangu. Na nimepata wazo la kishetani.

Naweza kuiandika vilevile kama jana. Agizo lile lile. Redio atarudia mbinu yake, tutapigwa, watu watasema Maktaba mbishi kweli, basi. Hakuna atakayejua. Redio atapanda jukwaani, ambako amezaliwa kuwa. Mama ataniona nimekaa mstari wa tatu na sketi iliyopigwa pasi. Kila mtu atapata anachostahili, na mimi nitapata amani.

Nimeiandika hivyo. Mpaka sahihi.

Hiyo ilikuwa asubuhi. Mchana nilikuwa nasubiri zamu ya printa, na Redio alikuwa nyuma ya kabati anafanya mazoezi ya hotuba. Ameshaiandika! Alikuwa na hadhira ya watu wawili na ndoo.

Alikuwa anasema: "Mpinzani wangu alikusanya wachezaji nusu. Huyu hawezi hiki, yule hawezi kile. Lakini ndugu wazazi, nusu na nusu hazifanyi mtu. Nilichofanya mimi ni kungoja tu wajiangushe."

Wale wawili wakapiga makofi. Ndoo haikusema kitu.

Sikukasirika mara moja. Mimi hasira yangu huja kwa basi la mwisho. Ilinifikia nikiwa nyumbani, nimekaa kati ya friji, Baba kachutama anaunga mrija, Shangazi kashika simu ya Baba sikioni na ile ya kwake begani. "Fundi anasema kesho asubuhi iko tayari," Shangazi anasema. Fundi hajasema kitu. Fundi kainua vidole viwili tu. "Saa mbili," kasema Shangazi. Mteja karidhika. Friji ikawaka.

Nusu na nusu hazifanyi mtu. Haya.

Nimechana karatasi. Nimeanza upya. Warushaji wa Redio nimewapitia mmoja mmoja. Agizo jipya: hakuna kubadilisha kabla ya raundi ya sita, liwalo na liwe. Baada ya hapo mpigaji mmoja tu, halafu basi. Nusu nyingine za jozi zikae benchi mpaka nitakaposema.

Nitakaposema. Nimeandika neno hilo nikaendelea kama vile ni neno la kawaida.

Ijumaa, 4 Aprili

Naandika humu humu darasani, mechi inaendelea. Wanadhani naandika takwimu. Siwezi kuitazama skrini mfululizo, kwa hiyo natazama mstari mmoja, naandika mmoja.

Redio kaanza na ujanja ule ule. Wa kulia, mtu mmoja, halafu wa kushoto. Akageuka kunitazama, tayari anatabasamu. Timu yangu haikutikisika. Babu kabaki pale pale, mpira ukamtokea nyuma ya sikio mara mbili, katoka bila kitu, lakini kabaki mchezoni. Redio kaacha kutabasamu. Kaandika kitu kiganjani.

Raundi ya nne: mbili kwa sifuri, Redio.

Raundi ya sita kamleta wa kulia mwingine. Wapigaji wangu wa kushoto bado wapo uwanjani, wazima, wanamsubiri. Mbili kwa mbili! Babu kapiga moja kati ya hizo. Mtu wa nyuma yangu kasema, "Huyu mzee haendi pensheni?" Siyo Redio aliyesema. Kumbe kuna watu wengine wanaishangilia timu yangu. Hili sikuwa nalijua.

Mpigaji mmoja niliyeruhusu abadilishwe, kompyuta imeshamtumia raundi ya saba. Hivyo karatasi yangu imeishia hapo. Chini yake pako peupe.

Raundi ya nane Redio kasimamisha, kasema maneno mengi, Mwalimu kaandika machache. Redio tatu, sisi mbili.

Raundi ya tisa, nafasi yetu ya mwisho. Wawili wangu wameshatoka. Wawili wamesimama kwenye besi. Mpira mmoja mzuri unawaleta wote nyumbani, pointi mbili, na tunashinda. Akitoka huyu anayefuata, wa tatu, mechi imekwisha.

Anayefuata ni Babu.

Na Redio alishapanga hili tangu alipoandika kiganjani, na raundi ya nane akaliagiza. Skrini inasema: mrushaji anabadilishwa. Kaingia wa kushoto.

Babu dhidi ya wa kushoto ni mimi na hotuba. Kibonge yuko benchi, mzima, hajatumika, anawala nyama hawa. Lakini karatasi haimruhusu kuingia. Mwalimu kashika kitufe cha kuendelea. Huwa anasubiri kidogo raundi ya tisa, kwa adabu.

Nikikaa kimya Babu atatoka, na kesho nitakuwa mstari wa tatu. Sikuuza mechi, niliandika karatasi nzuri, hakuna wa kunilaumu. Mama atasema umejitahidi. Jiko zima litasema kajitahidi.

Redio kashasimama nusu kutoka kwenye kiti. Mdomo wake unatembea. Nadhani yuko "ndugu wazazi".

Mwandiko umeharibika, samahani kwa mimi nitakayesoma haya. Mkono mmoja tu ndio unaoandika na daftari halina wa kulishika.

Mwingine uko juu.

Mwalimu haoni, nimezibwa na kompyuta kubwa. Kidole chake kinashuka kwenye kitufe. Ni Redio aliyeuona. Kautazama kama mtu anavyomtazama paka akifungua mlango.

"Mwalimu, subiri," kasema. "Maktaba kainua mkono."

Kompyuta zinanguruma. Viti vyote vimegeuka. Mwalimu kaondoa kidole, kasogeza kibodi karibu, kasema, "Ndiyo, tunakusikiliza," nami naweka kalamu chini, maana sentensi hii ni ya kusemwa.